Herufi tatu tu, CV yako iko kwenye skrini: Jinsi kompyuta za saiba Kisii na Nyamira zinavyojua faili ilipo

Siku ya mwisho ya kutuma maombi ya HELB au KUCCPS ikikaribia, saiba za mjini Kisii huwa hazipumui. Iwe ni zile zinazotegemea wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii, zile za upande wa Daraja Mbili, au ng'ambo kule Nyamira mjini, Kebirigo na Keroka, mambo ni yale yale. Foleni imefika mlangoni, printa inalalamika, na kuna mteja ameinamia kaunta akiuliza swali ambalo kila mhudumu wa saiba amelizoea: "Ile CV mlinichapia mwaka jana bado mnayo?"

Hapo ndipo utajua mhudumu ni wa aina gani. Kuna yule anayefungua folda ya Documents, kisha folda iitwayo "Wateja", kisha "Wateja wapya", kisha "Wateja wapya 2", huku foleni ikiguna. Halafu kuna yule ambaye hata mausi hagusi. Anabonyeza kitufe cha Windows, anaandika herufi tatu nne za jina lako, anapiga Enter. Faili imefunguka hata hujatoa pesa mfukoni.

Wengi hudhani huyu wa pili ana kumbukumbu kali, ama kompyuta yake ni mpya. Wala! Kompyuta yenyewe inaweza kuwa ya mtumba, iliyotoka ofisi fulani ughaibuni, na RAM yake ni GB 4 tu. Tofauti ni kwamba yeye anatumia orodha ambayo kompyuta imekuwa ikiiandika kimyakimya akiwa anahudumia wateja wengine. Ukielewa jinsi orodha hiyo inavyoandikwa, utaokoa muda mwingi sana. Utaelewa pia kwa nini inafaa kuiogopa kidogo, hasa kama wewe ndiye mwenye CV.

Haipekui diski, inasoma daftari

Vijana wa IT huziita programu hizi lancha. Kazi yake ni kukufungulia programu au faili kwa kuandika jina badala ya kubofya hapa na pale. Kwenye Windows, menyu ya Start hufanya kazi hiyo, na kuna pia PowerToys Run ambayo Microsoft iliitoa mwaka wa 2020. Kwenye Mac kuna Spotlight, iliyokuja na toleo la Tiger mnamo Aprili 2005, na kabla yake kulikuwa na Quicksilver ya 2003. Wanaopenda mbwembwe siku hizi hutumia Alfred au Raycast. Watu wa Linux wana KRunner, Rofi, Ulauncher na nyingine tele, maana watu wa Linux hawajawahi kukubaliana juu ya kitu kimoja.

Zote zina mazingaombwe yale yale: unaandika, na kabla hujamaliza neno majibu yashatokea. Siri ni kwamba wakati huo unapoandika, kompyuta haizunguki kwenye diski kuangalia kila folda. Ingefanya hivyo, mteja angeenda kunywa chai na kurudi. Inachofanya ni kufungua daftari moja, faharasa, ambamo majina ya faili zote yameshaandikwa na kupangwa.

Ni kama zile kurasa za mwisho za kitabu cha kiada cha Biolojia. Ukitaka kusoma kuhusu figo, husomi kitabu chote. Unaenda nyuma, unatafuta herufi F, unaona ukurasa, unaruka hapo. Kwa sababu orodha imepangwa, hata ukubwa wake hautishi. Orodha ya majina milioni moja yaliyopangwa kialfabeti unaweza kuimaliza kwa hatua 20 hivi: unafungua katikati, unauliza "mbele au nyuma?", unatupa nusu, unafungua katikati tena. Ukishawahi kusaka neno kwenye kamusi ya Kiswahili dakika mbili kabla ya mwalimu kuingia, unaijua mbinu hiyo.

Wazo lenyewe si la juzi. Mnamo 1983, James A. Woods alieleza mbinu ya kupata faili haraka kwenye kompyuta za Unix: badala ya kuzurura kwenye diski kila mara mtu anapouliza, tengeneza orodha ya majina mapema, ibane iwe ndogo, halafu utafute humo. Amri ya locate iliyotokana na wazo hilo bado ipo kwenye Linux, na kwa kawaida orodha yake husasishwa mara moja kwa siku. Lancha za leo ni wajukuu wa amri hiyo, wamevaa tu nguo za kisasa.

Programu ni rahisi, faili ndizo kazi

Kuorodhesha programu ni mteremko. Kompyuta ya kawaida ina programu mia moja mia mbili hivi, na zenyewe hujitangaza. Ukisakinisha programu kwenye Windows, mara nyingi huacha njia ya mkato kwenye folda ya menyu ya Start. Lancha inasoma folda hiyo, inachukua jina na picha ndogo, basi. Kwenye Linux kila programu huweka faili ndogo ya maandishi inayoishia na .desktop, mara nyingi ndani ya /usr/share/applications, ikieleza jina, picha na amri ya kuiwasha. Kwenye Mac nyingi hukaa kwenye folda ya Applications.

Ndiyo maana ile programu uliyonakili kutoka kwa flashi ya rafiki bila kuisakinisha haitokei ukiandika jina lake. Iko kwenye diski, lakini haikujiandikisha popote. Itengenezee njia ya mkato na uiweke kwenye folda ya menyu ya Start, itaanza kuonekana.

Faili ni hadithi nyingine. Zinazaliwa kila dakika, zinabadilishwa majina, zinahamishwa, zinafutwa. Faharasa lazima ijue yote hayo, na kuna njia mbili kubwa za kujua.

Ya kwanza ni kutambaa. Programu inaingia folda moja baada ya nyingine, inaandika kila inachokuta, na ikifungua hati huisoma hata maneno ya ndani. Windows Search hufanya hivyo, Spotlight pia. Ndiyo maana unaweza kuandika "mifugo" na ukaletewa hati iitwayo "Insha 3", kwa sababu neno hilo limo ndani. Kazi hiyo ni nzito. Microsoft yenyewe inasema mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa kadhaa, na kwamba kwa kawaida faharasa hula chini ya asilimia 10 ya ukubwa wa faili zilizoorodheshwa.

Sasa sikiza jambo ambalo wenye saiba wengi hawalijui. Windows imefundishwa adabu: ikiona mtu anatumia kompyuta, inapunguza kasi ya kuorodhesha ili isimsumbue. Inangoja utulivu. Lakini saiba ya Kisii ina utulivu saa ngapi? Asubuhi hadi jioni mtu yuko kwenye kiti, na usiku mwenye saiba anazima swichi kuu kwa sababu bili ya stima si mchezo. Faharasa inabaki kama mwanafunzi anayeambiwa asome wakati wa mapumziko tu, na mapumziko hayaji. Halafu watu wanalaumu kompyuta kwamba "haioni" faili. Dawa yake haina gharama. Kompyuta ikiwa mpya, au ukiwa umetoka kuhamishia humo faili nyingi, iache imewashwa usiku mmoja bila mtu kuigusa.

Njia ya pili ni ya ujanja zaidi, na mfano wake ni Everything, programu ya bure ya voidtools ambayo ningependa kila saiba iwe nayo. Diski ya Windows iliyopangwa kwa mfumo wa NTFS tayari ina jedwali kuu lenye jina la kila faili na mahali pake. Lazima iwe nalo, la sivyo Windows yenyewe ingepotea. Everything haiingii folda hata moja. Inaenda moja kwa moja kwa jedwali hilo na kulinakili. Kwa maelezo ya watengenezaji wake, Windows 10 iliyosakinishwa upya, yenye faili kama 120,000, huchukua sekunde 1 hivi, na faili milioni 1 huchukua dakika 1.

Baada ya hapo haihitaji kurudia. NTFS huweka pia daftari la mabadiliko: faili hii imezaliwa, ile imebadilishwa jina, nyingine imefutwa. Everything inasoma daftari hilo tu. Stima ikipotea ghafla, na Gusii nzima tunajua mvua ya alasiri na stima havielewani, programu ikiwaka tena inauliza tu ni nini kilibadilika tangu ilipoishia, na kuendelea hapo.

Ila Everything kwa kawaida huorodhesha majina pekee, haisomi ndani ya hati. Pia flashi nyingi za wateja zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazina daftari la mabadiliko. Windows Search nayo kwa kawaida haziorodheshi flashi. Mteja akikuambia "iko kwa flashi" na wewe ukatafuta kwenye menyu ya Start, mnapoteza muda wenyu wawili.

Keroka iko kwenye folda gani?

Mbona tusipange folda vizuri tu tuachane na mambo ya faharasa? Swali zuri, na jibu lake liko Keroka.

Mji wa Keroka umekaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, na mpaka huo umezua mabishano kwa miaka. Sasa wewe ni mhudumu wa saiba hapo. Umetengeneza folda mbili, "Kisii" na "Nyamira". Mteja anakuja na fomu ya basari kutoka Keroka. Utaiweka wapi? Folda inakulazimisha uchague upande mmoja, na kesho mwenzako wa zamu ataitafuta upande ule mwingine. Ukiamua kuiweka pande zote mbili utakuwa na nakala mbili, na moja yazo itabaki na makosa ya zamani. Nimeona watu wakigombana kazini kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Faharasa haina mpaka. Fomu hiyo inaandikwa chini ya "Keroka", chini ya "basari", chini ya jina la mteja, na chini ya mwaka. Ukija na neno lolote kati ya hayo, unaifikia. Faili yenyewe ni moja na iko mahali pamoja.

Lakini jina lisiloeleweka litakuangusha hata ukiwa na faharasa. Angalia maeneobunge yetu, 9 ya Kisii na 4 ya Nyamira. Andika "Masaba": Nyaribari Masaba ni ya Kisii, Kitutu Masaba ni ya Nyamira. Andika "Borabu": kuna Borabu ya Nyamira na kuna Bomachoge Borabu ya Kisii. "Mugirango" ndiyo balaa: ya Kusini iko Kisii, ya Kaskazini na ya Magharibi ziko Nyamira. Ukiandika neno moja tu utaletewa kaunti mbili zote. Ongeza neno la pili, hata nusu yake. Lancha nyingi hukubali vipande: "mugi kas 2024" yatosha kama faili inaitwa "Basari Mugirango Kaskazini 2024".

Nyingine hukubali hata herufi zilizorukwaruukwa bora ziwe kwa mpangilio. Andika "ktmsb" na itakuletea Kitutu Masaba, kwa sababu K, T, M, S na B zinafuatana ndani ya jina hilo. Halafu kuna zinazokumbuka tabia zako. Ukifungua faili fulani mara kwa mara, na hasa ukiifungua majuzi, inapanda juu ya orodha. Ndiyo maana mhudumu wa muda mrefu akiandika "k" tu anapata fomu ya KRA, ilhali wewe kwenye kompyuta yako "k" inakuletea kikokotoo.

Kwa nini "Nya" haisaidii

Hapa ndipo pananichekesha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Programu nyingi za kutafuta, Windows Search ikiwemo, hulinganisha unachoandika na mwanzo wa neno. Ukiandika herufi tatu za kwanza, zinatarajia orodha ipungue haraka. Kwa Kiingereza mpango huo ni fiti. Njoo nao Gusii sasa.

Andika "Nya". Utapata Nyamira, Nyaribari, Nyanchwa, Nyamache, Nyacheki, Nyansiongo, Nyaramba, Nyamaiya na Nyanturago. Hayo ni majina ya mahali tu. Hatujaanza kina Nyaboke, Nyakundi, Nyanchoka na Nyamweya. Andika "O" na nusu ya wanaume wa kaunti hizi mbili wanajipanga kwenye skrini. Herufi zinazotofautisha majina yetu mara nyingi ziko katikati, lakini programu inaanza mwanzoni.

Shida hiyo hiyo iko kwenye lugha zenyewe. Kiingereza hubadilisha neno mkiani: form, forms. Programu iliyojengwa kwa lugha hiyo hukata mkia na mambo yanaenda. Kiswahili na Ekegusii hubadilisha kichwa. Kitabu, vitabu. Mwanafunzi, wanafunzi. Kwa Ekegusii mtu ni omonto, watu ni abanto. Ukihifadhi "Orodha ya wanafunzi" na kesho ukatafuta "mwanafunzi", programu inayolinganisha mwanzo wa neno haitaona uhusiano wowote. Na mwanafunzi wa isimu mwenye hati tatu kuhusu Omogusii, Abagusii na Ekegusii akiandika "Gusii", anaweza kuletewa ratiba ya mechi za Gusii Stadium peke yake.

Watunzi wa kamusi za Kiswahili walikutana na tatizo hili kitambo na wakaamua: nomino inaingia na kiambishi chake cha umoja, kwa hivyo "mtoto" utamkuta kwenye M, lakini kitenzi kinaingia kwa shina, kwa hivyo "wanasoma" utakitafuta kwenye S. Walijenga faharasa inayofuata lugha. Kompyuta nyingi bado hazijafika hapo.

Kuna njia ya kuzunguka. Everything hulinganisha herufi popote zilipo ndani ya jina, kwa hivyo "gusii" inaleta Ekegusii, na "boke" inamleta Nyaboke bila kina Nyakundi wote. Kwenye Linux kuna plocate, ambayo hufanya hivyo kwa kukata kila jina vipande vya herufi tatu tatu. Keroka inakuwa ker, ero, rok na oka, na kila kipande kina orodha yake ya faili zinazokibeba. Ukiandika "roka", programu inachukua orodha ya rok na ya oka, inaangalia faili zilizo kwenye orodha zote mbili, na Keroka inajitokeza. Haijui Ekegusii, lakini angalau haijali neno linaanzia wapi.

Usisahau pia ile ng' yetu. Nyang'au na Ong'era wana alama ambayo Word hupenda kuipindisha yenyewe unapochapa. Kwa macho ni kitu kimoja, lakini kwa kompyuta alama iliyonyooka na iliyopinda ni herufi mbili tofauti. Programu inayolinganisha herufi kwa herufi itakuambia Nyang'au hayupo na yuko. Kwenye jina la faili, andika Nyangau tu. Hutakuwa umemkosea heshima, ndani ya hati jina lake litabaki sawa.

Na kuna zile faili ambazo hakuna faharasa itaziokoa. Mteja anakutumia kitambulisho na cheti kwa WhatsApp, na zinaingia zikiitwa "WhatsApp Image" na tarehe. Skana nayo inatoa "Scan0047". Ndani ni picha, hakuna maandishi ya kusomwa kama programu haina uwezo wa kutambua herufi kwenye picha. Faili kama hizo mia tatu kwenye folda ya Downloads ni sawa na kuzitupa Mto Gucha.

Basi andika jina lako uone

Tufikie sasa upande ule mwingine wa kaunta. Fikiria kila kitu umewahi kuacha kwenye saiba: kitambulisho, PIN ya KRA, matokeo ya KCSE, barua ya chifu, labda hata fomu ya hospitali. Mhudumu hakukusudia mabaya. Alihifadhi ili ukirudi asianze upya. Lakini faharasa haiulizi anayeuliza ni nani. Mteja wa saa nane mchana aliyekaa kwenye kompyuta hiyo kutazama Facebook akiandika jina lako kwenye menyu ya Start, CV yako, iliyo na nambari ya simu na majina ya wadhamini wako, inaweza kumtokea.

Kitaalamu Windows ina kinga: mtu hapaswi kuona faili za akaunti nyingine. Lakini kinga hiyo inafanya kazi kama kila mtu ana akaunti yake. Kompyuta yenye akaunti moja ambayo kila mteja anaikalia haina mwingine wa kuzuiwa.

Dunia ililigundua jambo hili mapema. Google ilipotoa Google Desktop mnamo Oktoba 2004, programu iliyoorodhesha faili, barua pepe na hata kurasa ulizotembelea, wakosoaji walisema haraka kwamba kwenye kompyuta ya umma, kama ya saiba, mtu anayefuata angeweza kusoma mambo ya aliyetangulia. Programu hiyo ilisitishwa mwaka wa 2011. Miaka 13 baadaye, Mei 2024, Microsoft ikatangaza Recall, inayopiga picha za skrini yako na kuziwekea faharasa ili utafute chochote ulichowahi kuona. Wataalamu wa usalama walipiga kelele, na kampuni ikaahirisha kuitoa hadi ilipoongeza kinga.

Hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Moja ya kanuni zake ni kwamba taarifa za mtu zisihifadhiwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa kazi iliyozileta. CV iliyochapishwa, ikalipiwa na kuondoka na mwenyewe, bado inahitajika kwa kazi gani miaka mitatu baadaye? Ningependa kusikia jibu la mwenye saiba, na sisemi kwa ubaya, maana wateja wenyewe ndio hurudi wakidai ile ya mwaka jana.

Kwa hivyo ukimaliza shughuli zako, kabla hujainuka kwenye kiti, bonyeza kitufe cha Windows na uandike jina lako la ukoo. Kama ni la kawaida kama Nyaboke ongeza la kwanza. Ukiona faili yako, ifute, kisha uondoe pia kwenye Recycle Bin, maana kuifuta tu huipeleka huko na kuiacha. Angalia Downloads na Desktop, hapo ndipo mabaki mengi hulala. Kama uliingia WhatsApp kwenye kompyuta hiyo, toka kupitia simu yako, kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ikiwa unataka CV ibaki mahali utakapoipata tena, jitumie kwa barua pepe, na kwenye kichwa cha barua uandike maneno utakayoyakumbuka: "CV ya 2025, imesahihishwa". Barua pepe nayo ina faharasa yake, na hiyo ni yako peke yako.

Na wewe mwenye saiba, kazi yako ni dakika kumi hivi. Tenga kompyuta moja ya kaunta ambayo mteja haikalii, na hati zote za wateja zikae hapo tu. Fungulia wateja akaunti ya pili kwenye kompyuta nyingine, isiyo na mamlaka ya msimamizi. Kama ni lazima folda ya wateja ibaki kwenye kompyuta ya wote, nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya faragha, tafuta ukurasa wa utafutaji, na uiongeze kwenye orodha ya folda zisizoorodheshwa. Kumbuka kwamba hilo linaiambia Windows peke yake. Kama umeweka Everything, yenyewe inasoma jedwali la diski moja kwa moja na haitajua umeficha chochote, kwa hivyo folda hiyo uitoe pia kwenye mipangilio yake, au usiiweke Everything kabisa kwenye kompyuta ambazo wateja wanakalia.

Na ukibadilisha majina ya faili leo, anza na zile za "Scan" na "WhatsApp Image". Jina la mteja, aina ya hati, mahali, mwaka: "Kerubo kitambulisho Keroka 2025". Hiyo hata ukiandika "roka 25" kwenye Everything inatokea.